Papa amepata AVC: mwongozo kwa familia za Lubumbashi

Mwongozo huu ni wa yule anayebaki na mgonjwa: mke, binti, mjukuu, hata jirani wa parsele moja, yaani kiwanja kimoja. Mimi ni kine, mtaalamu wa mazoezi ya tiba, hapa Lubumbashi. Kazi yangu ni kuwasaidia watu kusimama, kutembea na kushika tena baada ya kiharusi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo naifanyia vyumbani mwa watu, katika mitaa yetu ya Katuba, Kenya na Kamalondo. Ninachotaka familia zijue ni hiki: mengi yanayomwokoa mtu wa kiharusi hayahitaji mashine kubwa. Yanahitaji watu wanaojua la kufanya, lipi litangulie, na lipi wasiliguse kabisa.

Kiharusi, au AVC kama wengi tunavyosema hapa, kina namna mbili. Ya kwanza, mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo umeziba. Ya pili, mshipa umepasuka na damu imemwagika ndani ya kichwa. Hapa nazungumzia ya kwanza, ambayo ndiyo inayowapata watu wengi zaidi duniani, ingawa Afrika sehemu ya wale waliopasuka mshipa ni kubwa kuliko Ulaya. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, hata ukiwa daktari wa miaka thelathini. Maonyo mengi yaliyo hapa chini yanatoka hapo.

Hatua ya 1: Tambua, na uangalie saa

Dalili huja ghafla. Mwambie: "Papa, onyesha meno." Mdomo ukivutika upande mmoja, umeona dalili. "Inua mikono yote miwili, sasa funga macho." Mkono mmoja ukishuka wenyewe au usipopanda kabisa, umeona nyingine. "Sema: leo tumekula bukari na matembele." Maneno yakikwama, yakivurugika au yakikosa kutoka, ni nyingine tena. Usingoje zote tatu. Moja inatosha kumpeleka hospitali. Kuna na nyingine ambazo watu huzipita: jicho moja kuzima ghafla, kuona vitu viwili viwili, kushindwa kutembea sawa bila sababu, kizunguzungu kikali kinachokuja pamoja na mojawapo ya hizi.

Kisha angalia saa, uiandike hata mkononi. Saa inayotakiwa ni ile ya mwisho alipoonekana mzima, wala si saa mliyomkuta. Kama mama alikwenda kulala saa nne usiku akiwa mzima, mkamkuta amepooza saa kumi na mbili asubuhi, daktari atahesabu tangu saa nne usiku.

Kwa nini saa ni jambo kubwa hivyo? Mshipa mkubwa ukiziba, ubongo hupoteza wastani wa seli milioni 1.9 kila dakika. Na dawa ya kuyeyusha bonge la damu, alteplazi au mwenzake tenekteplazi, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Baada ya hapo hatari ya kutoka damu kichwani huipita faida, isipokuwa kwa wachache wanaochaguliwa kwa picha maalumu. Katika nchi zenye vifaa, bonge la mshipa mkubwa huvutwa kwa waya mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja, ndani ya saa 6, na kwa baadhi ya wagonjwa hadi saa 24. Dawa ni ghali na haipatikani kila hospitali, na waya ni adimu zaidi. Usiache kukimbia kwa sababu hiyo: mengine yote yanayosaidia nayo hufaa zaidi yakianza mapema.

Jambo linalokuja ghafla hutafutiwa mtu wa kulaumiwa. Nimeona asubuhi nzima ikiishia kwenye mjadala wa nani amemroga mzee, shemeji au mpangaji, huku mkono wa mzee ukizidi kulegea. Simkatazi mtu kuomba. Na mimi naomba. Ombeni mkiwa ndani ya taksi.

Hatua ya 2: Yale ya kuacha kabla ya kufika hospitali

Usimpe kitu chochote mdomoni. Si maji, si chai ya sukari, si kidonge. Karibu nusu ya wagonjwa wa kiharusi hawamezi vizuri siku za mwanzo, na kinachopita njia mbaya huingia mapafuni na kuleta nimonia. Nimonia hiyo huua watu ambao kiharusi chenyewe kisingewaua.

Usimpe aspirini nyumbani. Najua umesikia inasaidia, na ni kweli, lakini inasaidia aliyeziba mshipa. Aliyepasuka mshipa inaweza kumwongezea damu kichwani. Aspirini inangoja skaneri, yaani mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa.

Usiishushe tansio, yaani shinikizo la damu, kwa nguvu. Hili nalirudia kila nyumba. Mtu anapimwa, wanakuta 19 kwa 11 (190 kwa 110 kwenye mashine), wote wanaogopa, na mmoja anatoa kidonge cha nifedipini kukiweka chini ya ulimi. Acha! Mshipa ukiwa umeziba, mwili hupandisha tansio ili damu ipite njia za pembeni na kuifikia sehemu ya ubongo inayoanza kufa. Ukiishusha ghafla, unaikatia sehemu hiyo damu kidogo iliyobaki. Kwa mgonjwa wa mshipa ulioziba ambaye hapewi dawa ya kuyeyusha bonge, madaktari kwa kawaida huiacha tansio hadi 22 kwa 12 siku ya kwanza, isipokuwa kama kuna shida nyingine ya moyo au figo. Anayepewa dawa hiyo, lazima kwanza iwe chini ya 18.5 kwa 11. Uamuzi huo ni wa hospitali.

Usimchanje, usimtoe damu, usimpige bomba la majani kwa njia ya haja kubwa, usimkande kichwa kwa maji ya moto. Usimpandishe pikipiki akiwa amebanwa katikati ya watu wawili. Mguu uliolegea huburuzwa chini na shingo haina wa kuishika. Tafuteni taksi au gari la jirani. Kama hana fahamu au anatapika, mlaze ubavu ili matapishi yatoke nje.

Hatua ya 3: Hospitalini, dai mambo haya

Kabla ya kuondoka au mkiwa njiani, mmoja wenu apige simu aulize: skaneri inafanya kazi leo? Umeme upo? Kuifikia hospitali yenye skaneri iliyokufa, kisha kuhamia nyingine, ni saa nzima imepotea. Kituo cha afya cha mtaani kinaweza kupima sukari na kuandika barua, lakini msilale hapo mkingoja asubuhi. Beba dawa zote anazokunywa, ndani ya mfuko, hata zile za majani, na karatasi zake za zamani. Na beba pesa mapema, maana malipo ya kwanza huombwa mlangoni. Mwachieni mmoja kazi hiyo ili wengine wasimwache mgonjwa.

Jambo la kwanza kabisa ni kidole: kupima sukari. Sukari ikishuka sana huleta kupooza kunakofanana kabisa na kiharusi, na huondoka kwa glukozi. Wapime na malaria kama kuna homa. Kisha skaneri ya kichwa. Hapa familia nyingi huchanganyikiwa: skaneri ya saa za mwanzo inaweza kuonekana safi kabisa kwa mtu aliyeziba mshipa. Kazi yake kubwa saa hiyo ni kuonyesha kama kuna damu iliyomwagika. Ikiwa haipo na dalili zipo, matibabu ya mshipa ulioziba yanaanza.

Kama hakupewa dawa ya kuyeyusha bonge, aspirini ya miligramu 160 hadi 300 huanzishwa ndani ya saa 48. Akiwa amepewa, hungoja saa 24 na skaneri ya pili. Majaribio mawili makubwa yaliyotolewa mwaka 1997, yenye wagonjwa karibu 40,000 kwa jumla, yalionyesha kwamba aspirini ya mapema inaepusha kifo au kiharusi kipya kwa watu kama 9 katika kila 1,000 wiki za mwanzo. Kwa mtu mmoja faida ni ndogo, ila kwa dawa ya bei ya mkate, hakuna sababu ya kuikosa. Asiyeweza kumeza hupewa kwa mpira wa puani au kwa njia ya haja kubwa.

Uliza pia, kabla ya kutoka hospitali: moyo wake umepigwa elektro, kipimo cha mapigo ya moyo? Mapigo yakiwa hayana mpangilio, moyo wenyewe ndio unaotengeneza mabonge, na dawa yake ni nyingine kabisa. Uliza ekografi ya moyo, yaani picha ya moyo, hasa kwa kijana au mama aliyewahi kuugua homa ya viungo utotoni. Uliza na dopla, kipimo cha jinsi damu inavyopita, ya mishipa ya shingo. Sukari, kolesteroli, na vipimo vya VVU na kaswende. Kiharusi cha kijana kina sababu, na ni lazima itafutwe.

Hatua ya 4: Siku za kwanza kitandani

Hospitali zetu humwachia ndugu kazi kubwa ya kumlinda mgonjwa. Basi mlinzi huyo ajue kazi yake.

Kumeza kwanza. Mwombe muuguzi apime kabla ya kijiko cha kwanza. Mgonjwa awe macho kabisa, ameketi wima. Anapewa maji kijiko kimoja, kisha kingine, mnangoja. Akikohoa, maji yakivuja mdomoni, au sauti yake ikageuka kuwa ya majimaji anaposema "aaa", amefeli, na mpira wa puani unahitajika kwa muda. Akipita, anza na uji mzito, si mwepesi. Maji matupu ndiyo magumu zaidi kuyatawala. Tumia kijiko kidogo, mpe upande wenye nguvu, kidevu kikielekea kifuani kidogo. Ngoja ameze, angalia shavu lililolegea kama chakula hakijajificha humo, ndipo utie kingine. Usimlishe akiwa amelala, na usimlaze kabla ya nusu saa. Mswaki kila siku, hata kwa asiyekula: bakteria wa kinywani ndio wanaoshuka mapafuni.

Mgeuze kila saa mbili, usiku na mchana. Mgawane zamu. Kila mnapomgeuza, angalia visigino, mifupa ya kiuno na tako. Wekundu au weusi usioondoka ukibonyeza ni mwanzo wa kidonda, na kidonda cha kitanda huchukua miezi kupona.

Bega. Hapa ndipo familia zenye upendo mwingi huharibu zaidi. Mkono uliopooza haushikiliwi tena na misuli. Unaning'inia kwenye kano peke yake. Ukimvuta mgonjwa kwa mkono huo kumwinua, unaunyofoa begani taratibu, na baada ya wiki chache analia kila ukimgusa na hataki mazoezi tena. Mkono ule daima uwe juu ya mto, kitandani na kwenye kiti, vidole vikiwa wazi. Kumwinua, shika mgongo na kiuno.

Ukiona homa, ita muuguzi. Joto la mwili huumiza ubongo uliojeruhiwa. Mpira wa mkojo utolewe mapema iwezekanavyo, maana huleta maambukizi. Kuhusu kumwinua kitandani, wengine hukimbilia kumtembeza saa ileile. Utafiti mkubwa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kumchosha mgonjwa kwa kumsimamisha sana ndani ya saa 24 za kwanza kunapunguza nafasi yake ya kupona vizuri. Kuanzia siku ya pili, hali ikiwa imetulia, mketishe mara nyingi, kwa muda mfupi mfupi.

Hatua ya 5: Nyumbani, kusimama na mkono

Panga chumba kabla hajafika. Kitanda kisiwe chini sana: akiketi ukingoni, nyayo zikanyage sakafu na magoti yawe usawa wa kiuno au chini yake kidogo. Toa mikeka inayoteleza. Kama choo kiko nje na ni cha kuchuchumaa, mtafutie seremala atoboe tundu kwenye kiti imara cha mbao. Usiku tumia ndoo chini ya kiti hichohicho, kando ya kitanda. Watu wengi huanguka wakielekea chooni gizani.

Kumsimamisha, fanya hivi. Kunja kitenge mara nyingi kiwe mkanda mpana, kifunge kiunoni mwake kwa nguvu. Simama mbele yake, kidogo upande uliolegea, goti lako likizuia goti lake dhaifu lisikunjike. Visigino vyake virudi nyuma, chini ya magoti. Mwambie ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, kisha: "Moja, mbili, simama." Wewe unaongoza kwa kitenge, hunyanyui. Mtu asiyeinama mbele hatasimama hata mkiwa watu wanne, na wewe utaumia mgongo. Rudia mara kumi, pumzika, tena kumi. Zoezi hili moja tu, likifanywa kila siku, huleta watu kutoka kitandani hadi mlangoni.

Fimbo inashikwa na mkono mzima, yaani usiopooza. Kwenye ngazi, mguu mzima unatangulia kupanda, mguu dhaifu unatangulia kushuka. Kuvaa, mkono dhaifu unaingia kwanza. Kuvua, unatoka mwisho.

Ubongo hujifunza kwa kurudia. Kunyoosha mkono huku mgonjwa akitazama televisheni ni vizuri kwa kano, lakini hakumfundishi kushika. Mpe kazi ya kweli: achague maharagwe moja moja kutoka sinia hadi kikombe, afunue mfuniko wa chupa, akunje nguo, achambue matembele na mama jikoni. Ikiwa kifundo na vidole vimeanza kusogea hata kidogo, mvalishe mkono usiopooza soksi nene saa kadhaa kwa siku ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi, akiwa ameketi salama. Njia hii ilijaribiwa Marekani kwa watu waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 kabla, na matokeo ya mwaka 2006 yalionyesha mkono ulifanya kazi vizuri zaidi, na faida ikabaki baada ya mwaka. Kama mkono hausogei kabisa, weka kioo wima katikati ya mikono miwili: anatazama kwenye kioo mkono mzima ukifungua na kufunga, na ubongo unapata picha ya ule mwingine ukisogea.

Miezi 3 ya kwanza ndiyo yenye kasi kubwa. Baada ya hapo kasi hupungua, lakini haifi. Msikubali mtu awaambie "miezi sita imepita, imekwisha."

Kuna wagonjwa wanaosahau nusu ya dunia, mara nyingi upande wa kushoto. Unamkuta amekula bukari ya upande wa kulia wa sahani, ya kushoto imebaki kama ilivyo, naye analalamika kwamba mmempa kidogo. Si kiburi na si kuchanganyikiwa. Keti upande wake wa kushoto unapoongea naye, weka redio huko, geuza sahani, mfundishe kutafuta kwa macho mpaka aone ukingo wa meza.

Hatua ya 6: Maneno yaliyopotea

Mtu asiyeweza kusema hajawa mjinga. Wengi wanaelewa karibu yote. Usimpigie kelele, si kiziwi. Uliza swali fupi linalojibiwa kwa ndiyo au hapana, kisha nyamaza. Hesabu hadi kumi moyoni; anahitaji muda huo. Tumia kidole, picha, kitu chenyewe: inua kikombe, inua koti.

Watu wa Lubumbashi tuna lugha nyingi kichwani: Kiswahili, Kifaransa, Kiluba, Kibemba, Chiluba. Zinaweza kurudi kwa kasi tofauti. Mwalimu mstaafu anaweza kukosa Kifaransa alichofundishia maisha yote huku maneno ya kijiji cha mama yake yakitoka. Ongea naye ile inayotoka. Na imba naye: mtu asiyeweza kutaja jina la mkewe huweza kuimba wimbo wa kanisani na maneno yake, na kutoka kwenye wimbo mnaweza kuvuna neno moja moja. Kila siku, vipindi vifupi.

Hatua ya 7: Huzuni

Karibu mtu mmoja kati ya watatu hushikwa na huzuni ya ugonjwa baada ya kiharusi. Hapati usingizi, hataki kula, hata kulia halii tena, anakataa mazoezi, anasema yeye ni mzigo. Sehemu ya huzuni hiyo ni ya ubongo wenyewe na ina dawa, mwambie daktari. Papa aliyekuwa mkuu wa nyumba msimfanye mtoto: aulizwe bado kuhusu ada ya shule na mahari. Wengi huona haya kuuliza kuhusu tendo la ndoa. Tansio ikiwa imetulia kwa kawaida hakuna hatari, muulizeni daktari mkiwa wawili. Na wewe unayemlinda, dai zamu. Anayelinda peke yake naye huugua.

Hatua ya 8: Kuzuia kingine

Karibu kiharusi kimoja kati ya vinne ni cha mtu aliyewahi kupata kingine. Hapa ndipo naona watu wengi wakipotea: papa ametembea, amerudi kanisani, kila mtu amefurahi, na dawa zinaachwa kwa sababu "amepona".

Tansio inatangulia zote. Lengo kwa wengi ni chini ya 13 kwa 8, yaani 130 kwa 80 kwenye mashine. Kwa kawaida dawa huanzishwa au kurudishwa siku chache baada ya kiharusi, hali ikitulia, na huwa za maisha yote. Tansio ikishuka kuwa nzuri, hiyo ni kazi ya dawa. Ukiiacha, inapanda tena bila kichwa kuuma. Utafiti uliotolewa mwaka 2001, wa perindopili pamoja na indapamidi kwa wanaohitaji, ulipunguza viharusi vya kurudi kwa asilimia 28, hata kwa watu ambao tansio yao haikuwa juu. Amlodipini nayo inapatikana karibu kila famasia.

Pima nyumbani hivi: aketi dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini isikunjwe, mkono juu ya meza usawa wa moyo, ukanda kwenye ngozi na si juu ya shati. Tumia mkono usiopooza. Pima mara mbili, dakika moja kati, uandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Daftari hilo lina thamani kwa daktari kuliko kipimo kimoja cha siku ya kliniki, baada ya safari ya basi.

Dawa ya kuzuia mabonge: aspirini miligramu 75 hadi 100 kwa siku, au klopidogreli 75. Kwa kiharusi kidogo, zote mbili hutolewa pamoja kwa siku 21 hivi, kisha moja inaachwa. Kuendelea na mbili miaka na miaka huongeza kutoka damu. Kama shida ni mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, aspirini haitoshi, anahitaji dawa ya kufanya damu isigande. Aliyebanwa vali ya moyo na homa ya viungo hutumia warfarini, na damu yake hupimwa mara kwa mara ili INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, iwe kati ya 2 na 3. Huyo asiache sombe na lengalenga, ila ale kiasi kilekile kila wiki, kwa sababu mboga hizo hupunguza nguvu ya dawa. Akianzishiwa dawa ya kifua kikuu, amwambie daktari siku ileile: rifampisini huidhoofisha warfarini sana.

Statini, dawa za kushusha kolesteroli kama atovastatini, hutolewa kwa wengi waliozibwa mshipa, na lengo la kolesteroli mbaya ni chini ya miligramu 70 kwa desilita. Mwenye kisukari, sukari itunzwe.

Nunua dawa za mwezi mzima pesa ikipatikana, kwa jina la dawa yenyewe na si jina la kampuni, utazame tarehe ya mwisho. Nusu dozi "ili zifike Jumapili" haimlindi. Na angalia zile za maumivu: diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa hata kwenye meza ya barabarani, hupandisha tansio. Kwa bega linalouma, parasetamoli kwanza.

Chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile isiyoonekana. Kwetu isiyoonekana iko kwenye makayabu (samaki wa chumvi), kwenye kubu za mchuzi, na kwenye bikarbonati inayolainisha majani. Makayabu yaloweke usiku kucha, ubadilishe maji mara kadhaa, na yawe ya siku moja moja. Mchuzi upate ladha kwa kitunguu, nyanya, tangawizi, pilipili na ndimu. Msipike sufuria yake peke yake: nyumba nzima ipunguze, maana watoto wake wana damu ileile. Bukari ibaki, kipande kiwe kidogo na mboga iwe nyingi. Sigara, hapana kabisa. Lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, hapana kabisa. Kutembea, kila siku, hata kuzunguka parsele.

Kwa wazazi wa watoto wenye SS, yaani selimundu, neno moja: nao hupata kiharusi, wakiwa wadogo. Mtoto akilegea upande mmoja, hata kwa dakika chache, ni hospitali saa hiyo. Hidroksiurea hupunguza hatari. Muulizeni daktari wake.

Hatua ya 9: Dalili zikirudi, hata zikiondoka zenyewe

Mdomo umepinda dakika kumi, ukanyooka. Mkono umekufa ganzi wakati wa kula, kabla ya kunawa umerudi. Familia inamshukuru Mungu na kulala. Dalili za kupita namna hii ni mshipa ulioziba kidogo na kufunguka, na hatari ya kiharusi kamili ni kubwa zaidi siku mbili za kwanza baada yake. Nendeni siku hiyohiyo, mkiwa na daftari la tansio, mfuko wa dawa na skaneri ya zamani. Karatasi hizo ziwekwe pamoja mahali pamoja, ambapo hata mtoto wa miaka kumi anapajua, na namba ya mwenye gari iandikwe ukutani kando ya mlango.